Dakika Moja ya Kimya kwa Maman Gisèle

Hapa Bukavu kuna mtu anayevifahamu vyumba vya maktaba vya komini zote tatu za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira, na ambaye hajasoma ndani yake kitabu hata kimoja. Anaitwa Dany. Alitoka Nyangezi akiwa kijana, akasoma, akapata diploma, kisha akagundua kazi isiyotaka jasho wala dhamiri: kuwaandikia wanafunzi TFC, ile kazi ya mwisho wa masomo ambayo kila mmoja anapaswa kuitunga na kuitetea mwenyewe mbele ya walimu.

Wanafunzi wanamwita msaidizi. Mimi namwita mwizi, na sioni sababu ya kutafuta neno laini zaidi.

Kila tawi la maktaba huhifadhi kazi za wanafunzi waliotangulia, na humo ndimo Dany anamovuna. Asubuhi huanza Ibanda, kwenye chumba chenye vioo na meza zilizopigwa vanishi, ambako mlinzi humsalimu kwa kumwita « chef », yaani mkubwa. Hapo huchukua utangulizi na sura ya kwanza, kwa sababu anasema watu wa Ibanda wanaandika Kifaransa kizuri. Kisha hupanda Kadutu. Chumba cha huko kimebanana na ukumbi wa kwaya, na mama mwenye funguo hashindi hapo, hushinda sokoni. Dany anajua ameketi karibu na wauza mihogo gani. Huko huchukua sura ya pili. Mwisho ni Bagira, ambako paa linavuja na vitabu vimerundikwa chini ya bâche, turubai la plastiki, kama magunia ya makaa. Huko hapiti mtu. Sura ya tatu hutoka huko.

Haandiki. Anapiga picha kurasa kwa telefone, na jioni anamlipa kijana wa duka la kompyuta azichape. Sheria yake ni moja: asichukue sura mbili kutoka tawi moja.

« Mwalimu wa Ibanda hawezi panda Bagira, » aliniambia siku moja, akicheka. « Viatu vyake itachafuka. »

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Niliwahi kuona kazi yake moja juu ya mmomonyoko wa udongo: korongo lilianzia Kadutu katika sura ya kwanza, likafika Lwiro, mbali nje ya mji, katika ya pili, na katika ya tatu likawa shamba la kahawa. Walimu waliipitisha kwa pongezi.

Huyu bwana alikuwa akilala bure. Maman Gisèle, mdogo wa mama yake mzazi, alimpa chumba nyuma ya nyumba yake kule Kadutu tangu alipofika mjini, na sahani ya chakula kila jioni. Maman Gisèle anakaanga sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Kwa moshi wa sambaza hizo amemsomesha mtoto wake wa pekee, Bruno, kijana mvivu ambaye kofia yake hunyooshwa vizuri kuliko daftari zake. Mwaka huu Bruno alifika mwisho wa masomo, na mama yake akamwita Dany jikoni.

« Dany, saidia mudogo yako. Mimi minataka kitu moja tu: niende pale, nimuone anasimama mbele ya balimu, bazungu weusi wale, anasema mama yangu njo alinisomesha. Nikisikia ile, hata moshi itatoka mu macho. »

« Maman, tulia. Ile kazi iko ya wiki moja. »

« Na ile siku ikiharibika, utatafuta fasi ingine ya kulala. »

Walicheka wote wawili. Mama alidhani kusaidia ni kusahihisha. Hakujua kwamba Bruno hatashika kalamu.

Dany akafanya mzunguko wake. Alipofika Bagira mvua ilikuwa inaanza, na maji yalikuwa yakidondoka juu ya bâche. Akavuta kazi moja kutoka katikati ya rundo, na badala ya kutafuta sura ya tatu akapiga picha kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akateremka mbio. Kijana wa duka naye akachapa ukurasa wa shukrani aliouona humo na kuuweka mbele ya kazi yote. Hakuangalia jina kwenye jalada. Dany hana mazoea ya kusoma anachokiiba.

Siku ya utetezi Maman Gisèle alivaa kikwembe kipya, akabeba maua, akaketi mstari wa mbele pamoja na jirani yake Ghislaine. Bruno, ambaye hakuwa ameifungua kazi yake kabla ya asubuhi ile, alianza kusoma pale kitabu kilipoanzia, kwenye ukurasa wa shukrani. Akasoma kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa, kwamba kazi hii anaitoa kwa mama yake mpendwa, marehemu, aliyetutoka kabla ya kula matunda ya jasho lake.

Mwenyekiti wa jury ya walimu, mtu wa heshima anayependa kuonekana na moyo, alivua miwani. Akaomba ukumbi usimame kwa dakika moja ya kimya.

Watu wakasimama. Maman Gisèle naye akasimama, maua mkononi. Kifaransa chake ni kidogo, lakini kila siku redioni anasikia matangazo ya vifo, na lile neno la marehemu analijua. Alimtazama Bruno. Bruno aliinamisha kichwa kama wengine.

Baadaye jury ikampa alama nzuri. Hakuna aliyeuliza swali juu ya sura ya tatu.

Uani, watu walipokuja kumpongeza, Maman Gisèle alikuwa hajatoa maua yake.

« Bruno, minauliza tu. Nilikufa mwezi gani? »

« Maman, sikuisoma mbele. »

« Na mulinizika wapi? Nisikose kuenda kulia. »

Ghislaine alijifunika mdomo kwa kitambaa. « Ah, dada, kumbe ile maua ulileta iko ya kaburi yako. »

Dany, ambaye naye alikuwa amehudhuria, akaingilia kwa sauti ya mtaalamu. « Mama, iko kosa ya machine. Kule kwa kuchapa, banachanganya. »

« Machine njo ilinizika? »

Jioni, nyumbani, wali na nyama ya mbuzi vilikuwa tayari, wageni wameketi. Dany akasogeza sahani yake kama kila siku. Maman Gisèle hakushika kijiko.

« Mufu hapakuliaka watu chakula, » alisema. « Na hana nyumba ya kukopesha. Yule mama mwenye uliandika, anaitwa nani? »

« Sijue, Mama. »

« Uliiba kilio ya mutoto wa watu, na hata jina ya mama yake hauijue? » Akaonyesha mlango kwa kidole. « Chukua sac yako. Siku utajua jina yake, utarudi uniambie, nitamwombea misa. Hapo njo tutaongea mambo ya chumba. »

Hakupaza sauti. Bruno alitazama sahani yake. Yeye alibaki, kwa sababu mama hamfukuzi mtoto wake, ingawa angestahili.

Picha Dany alikwisha kuzifuta kwenye telefone, kama kawaida ya wezi. Kwa hiyo sasa analala kwa rafiki huko huko Bagira, na kila asubuhi anaingia chini ya lile paa, anainua bâche, anafungua kazi moja baada ya nyingine kwenye ukurasa wa shukrani. Nilimkuta huko wiki iliyopita, magoti yamelowa. Nilimuuliza kama ameona. Alisema bado, kwamba karibu kila kazi anayofungua ina mama aliyekufa, na maneno ni yale yale, na hajui tena nani alilia kweli na nani alinakili.

Sikumsaidia kutafuta. Sura ya tatu ya kazi ya Bruno ingemwonyesha ni ipi, lakini hata ukurasa wa pili wa kazi aliyoshika alikuwa bado hajaufungua.