Kifaru na Baiskeli ya Mpwa Wake

Fundi baiskeli huyu watu walimwita Kifaru, naye hakukataa. Alikuwa na kilo tisini na tano, shingo fupi na hasira za karibu. "Hasira hasara," walimwambia tangu shuleni. Yeye alijibu kwamba hasara ni ya anayepigwa.

Hakujaliwa mtoto. Mboni ya jicho lake ilikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, naye Kifaru alimuundia baiskeli ya milimani yenye shokapu za kumeza mishtuko mbele na nyuma, ya kushukia mteremko mkali na kuruka mawe bila akili.

Jumamosi ile binti aliruka tuta kubwa la mlimani. Gurudumu la nyuma likamrusha juu, akatua kwenye jabali, mfupa wa paja ukatokeza nje ya ngozi. Wenzake wakasema tuta lile limeongezwa udongo na Sururu, mtu anayechimba njia za mlimani.

Dada mtu alipiga simu kutoka hospitali. "Kaka, aliyemfanyia mwanangu hivi asilale salama."

Kifaru hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alimkuta Sururu akipakia makoleo kwenye mkokoteni.

"Fundi, tuta ni lilelile, sijaligusa..."

Ngumi ya kwanza ilimkatiza. Ya pili ikamng'oa meno mawili. Alipoanguka, Kifaru akamkanyaga mbavu, akamwinua kwa ukosi, akampiga tena na tena, mpaka watu wanne wakamning'inia mikononi. Na tuseme kweli: raha aliiona. Alirudi akipiga mluzi.

Karakanani alikuta wameileta baiskeli. Akaikagua akitafuta ufa. Fremu nzima, boliti zote zimekaza. Akaikalia. Shokapu ya nyuma ikabonyea kidogo, ikatulia, ikamkaa sawasawa kama kiatu chake mwenyewe.

Mluzi ukakatika. Shokapu za namna ile hujazwa upepo kwa uzito wa anayepanda, na Kifaru hakuwahi kutoa baiskeli bila kuijaribu mwenyewe: hujaza kwa uzito wake, huizungusha, kisha hupunguza. Ijumaa aliijaribu, mpwa wake akaingia akimharakisha, wakataniana weee, na upepo hakuupunguza. Binti ana kilo hamsini na mbili. Kwake shokapu ile ilikuwa gogo lisilobonyea.

Kifaru aliupiga ukuta ngumi mpaka plasta ikamwagika na ngozi ya vidole ikachubuka. Dada yake alimkuta hapo.

"Umempata. Nimemwona akiletwa hospitali, meno yamemtoka."

"Nimempiga asiye na kosa. Dada, ni mimi. Upepo wa shokapu niliuacha wa uzito wangu. Ndio uliomrusha mtoto."

Kifaru akapiga magoti mbele yake, akamnyooshea spana. "Nipige. Nakuomba, nipige."

"Nikikupiga utajiona umeshalipa." Aliisukuma spana kando. "Mwanangu na huyo uliyemng'oa meno wamelazwa jengo moja. Vaa shati. Utawaambia mwenyewe, mmoja mmoja."

Kifaru akalivaa. Vidole vilikuwa vimevimba, vifungo vikamshinda. Dada yake akamfungia, kimoja kimoja hadi cha shingoni, huku analia na hamtazami.