Kapu la Mawe ya Redio

Mimi ni msafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, na mamangu anaishi kijijini Munje na redio yake ndogo. Redio ile haizimwi ila wakati wa sala. Anasikiliza kaswida, anasikiliza habari, na zaidi ya yote anasikiliza matangazo ya vifo, kwani hapendi kuchelewa kwenye matanga ya mtu anayemjua. Kwa hiyo inakula mawe kwelikweli. Kwetu betri za redio na tochi huitwa mawe.

Hotelini, betri za rimoti hubadilishwa kwa ratiba, ziwe zimekwisha au hazijakwisha. Zinazotolewa hutiwa kwenye pipa la plastiki lililoko stoo, na pipa likijaa, gari hulipeleka Mombasa kwa watu wanaojua kuzifungua na kutoa madini yaliyomo. Mtunza stoo, mzee mpole wa Vanga, aliniruhusu kuchagua zenye uhai nimpelekee mama. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuwa na konzi moja ya betri mkobani.

Mwaka jana tuliletewa mwalimu wa kutufundisha mambo ya taka. Alisema betri mbovu haitupwi chooni, haichomwi wala haifukiwi, kwa kuwa ikioza hutoa sumu inayoingia udongoni na majini. Na zile ndogo bapa kama kifungo, mtoto akimeza moja, humchoma koo ndani ya muda mfupi sana. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nakiwaza kisima cha mama, na mihogo iliyo kando yake, na konzi zangu za miaka minne.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Munje. Baada ya shikamoo na habari za jamaa wote, nikamwuliza, "Mama, mawe yakikwisha huyatupa wapi?"

"Niyatupe? Kwa nini niyatupe?"

Akainama, akavuta kutoka uvunguni mwa kitanda kapu la ukindu alilolisuka mwenyewe. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

"Umeyaweka yote?"

"Si uliniletea wewe? Nitayatupaje?"

Nilicheka, kisha machozi yakanilenga, nikajifanya natazama dirishani. Kapu lenyewe lilikuwa limeanza kuliwa chini, na baadhi ya mawe yametoa ungaunga mweupe. Nikamweleza mama yote niliyofundishwa. Nilipomaliza, akamwita jirani yake, msuka mikeka, ambaye alikuwa na desturi ya kupasua mawe ya tochi kwa nyundo ili apate weusi wa kutilia ukindu rangi. Mama akamsomesha pale uani kana kwamba yeye ndiye aliyekaa darasani.

Tulivaa mifuko mikononi, tukayahamishia mawe kwenye debe la plastiki lenye kifuniko. Yaliyovuja tukayatenga, tukayafunga peke yake. Debe lilikuwa zito, kwa hiyo nikamwambia mama nitakuwa nayarudisha hotelini kidogo kidogo.

Hakusubiri. Jumatano iliyofuata niliitwa langoni. Nikamkuta mamangu amejitanda leso mpya, debe liko miguuni, tuktuk iliyomleta inageuza. Mlinzi wa zamu, kijana wa bara, alikuwa anapitisha juu ya debe kile kifaa chake cha kupekulia vyuma, nacho kinalia bila kukoma.

"Mathe, hii mzigo ni ya nini?"

"Shikamoo kwanza, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Na useme, mzigo huu ni wa nini."

Kijana akatii. "Mzigo huu ni wa nini?"

"Ni mali ya hoteli. Nimekuja kuirudisha."

 Pale hotelini mfanyakazi akigundulika ana mali ya hoteli nyumbani kwake, hata iwe kijiko, kazi imekwisha. Na meneja, mwanamke wa makamo asiye na mizaha, alikuwa ameshatoka ofisini kufuata ule mlio. Akafunua debe, akatazama ndani.

"Hizi zimetoka wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mtunza stoo akajitokeza. "Nilimpa mimi, bosi. Zilikuwa za kutupwa."

"Nimeyatumia mpaka mwisho," mama akasema, "na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimeambiwa yana pipa lake hapa."

Meneja akamtazama, akalitazama debe, akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Mama, nimefanya kazi hotelini miaka mingi. Watu huondoka na taulo zetu. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea kitu."

Mama akapelekwa stoo, akayamimina mwenyewe pipani, kisha akaandaliwa chai na mahamri kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, mlinzi akimkaribisha kwa Kiswahili cha uangalifu mkubwa. Jioni ile meneja akatangaza kwamba kila mfanyakazi anaweza kuleta betri mbovu za kwao.

Siku hizi nusu ya Munje humpelekea mama mawe yao. Jirani anatumia rangi ya dukani na hulalamika kwamba weusi wake si weusi hasa. Juzi mama alinipigia kuuliza kama hoteli inapokea na simu zilizovimba betri, kwani ameshaletewa mbili, na ameziweka nje juu ya tofali, mbali na nyumba.