Umeme Uliounguza Alama za Kidato cha Nne

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mapinga, na wiki iliyopita nilijitia ujuaji. Kwenye kompyuta ya ofisi niliweka mfumo wa Linux kando ya ule wa Windows, na mafaili nikayahamishia sehemu moja ya diski ambayo mifumo yote miwili ingeisoma. Nilipowasha Linux, sehemu ile haikuonekana. Humo ndimo zilimokuwa alama zote za kidato cha nne!

Sista, mkuu wetu wa shule, akaingia. "Mwalimu, alama ziko tayari?"

"Sista, umeme ulikatika ghafla, ukaunguza diski."

Siku mbili kompyuta sikuthubutu hata kuigusa. Nilijiona nimeshafukuzwa kazi.

Siku ya tatu Sista alimleta fundi, dada mmoja kutoka Chalinze. Aliiwasha mbele ya walimu wote, akabofya mara mbili, alama zote zikajitokeza.

"Hakuna kilichoungua," akasema. "Aliyeweka Linux amesahau tu kuiamuru iifungue sehemu hii."

Sista akavua miwani, akanigeukia. "Mwalimu, hebu nieleze tena habari za ule umeme."