Keki ya Ubatizo, Mlango Umefungwa

Mwezi wa kumi pale Mpanda, kabla mvua haijaanza, bati la jiko lilikuwa halishikiki kuanzia saa nne asubuhi. Katika joto hilo mimi nilioka keki, kwa sababu mimi ni mbishi na sherehe zilikuwa hazisubiri mvua. Tulitumia jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya keki ndani yake, na makaa mengine juu ya mfuniko.

Dawa yangu ya joto ilikuwa moja. Nilivua gauni, nikalowesha khanga kwenye ndoo na kujifunga kifuani ikiwa bado inachuruzika maji. Ikikauka nalowesha tena, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni. Kwa namna hiyo niliweza kuoka mchana kutwa bila kumgombeza mtu.

Katikati ya miaka ya tisini, mtoto wangu wa kwanza alipokaribia kubatizwa, baba mkwe alikuja kukaa kwetu siku kadhaa. Alikuwa mfugaji, amehamia upande wa Kabungu na ng'ombe wake kutoka kaskazini, na kwao mzee na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatukula pamoja wala hatukutazamana usoni. Akitaka maji alimwambia mume wangu, na mume wangu ndiye aliyeniambia mimi. Jikoni kwangu asingetia mguu hata paka angekuwa anamaliza nyama. Yote hayo niliyakubali. Kilichonishinda ni kwamba kivuli pekee cha mchana pale nyumbani kilikuwa mbele ya mlango wa jiko, na mzee aliweka kiti chake hapo hapo.

Siku moja kabla ya ubatizo nilioka nimevaa gauni zito na kilemba, kwa ajili yake. Joto likanizidi, nikakimbilia nyuma ya nyumba kupunga upepo, na niliporudi keki ilikuwa nyeusi. Ulibaki unga wa keki moja tu, na madukani haukuwepo. Mume wangu alikuwa amekwenda stesheni kupokea ndugu, mtoto amelala chumbani. Nilimchukia mzee yule, nasema wazi.

Nikafunga mlango. Nikaziba na dirisha kwa gunia asije akaniona, nikavua gauni, nikajifunga khanga yangu mbichi. Raha niliyoipata sina la kuifananisha nayo! Baada ya muda kichwa kikawa kizito. Nikadhani ni joto, nikalowesha khanga tena. Nakumbuka nilishika koleo nipunguze makaa ya juu, na mkono ukakataa.

Nilipozinduka nilikuwa nje, chini, nimefunikwa shuka ya mzee mpaka shingoni. Yeye alikuwa amekaa kando, amenipa mgongo.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Nilisikia beseni limepinduka, nikaita, kimya. Mkaa unauaga watu. Usifungage mlango tena."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe. Nikajaribu kusimama, miguu ikagoma. Nikaanza kulia, na aibu yenyewe ni kwamba nililia kwa ajili ya keki, si kwa ajili ya roho yangu. Mzee akainuka bila kugeuka, akaingia tena jikoni, akalitoa jiko na sufuria zake mpaka kivulini.

"Nifanyeje?" akauliza.

"Punguza makaa ya juu, baba. Ya chini yaache."

Akapunguza. Mtu mwenye zizi lile lote, anayeogopwa na wanawe, alichutama akioka keki huku jasho likimdondoka puani, na kila nilipotoa maelekezo aliitikia. Mpaka mume wangu anarudi, keki ilikuwa imeiva, nimeshavaa gauni, na mzee yuko kwenye kiti chake kama vile hakuna kilichotokea.

Kesho yake, baada ya kanisa, keki ilisifiwa sana. Wifi yangu akasema mbele ya watu wote, "Wifi, hii hukuoka peke yako. Sema, nani alikusaidia?"

Mzee alikuwa katikati ya wazee wenzake. Mkono wake ulisimama kabla haujafika mdomoni. Kama wangejua ameingia jikoni kwa mke wa mwanawe, akamkuta na khanga mbichi, kisha akampikia, asingeinua tena uso mbele yao.

"Nimeoka mwenyewe," nikasema.

Akatafuna. Siku iliyofuata akarudi kwake, na tangu hapo hatukusemeshana tena ana kwa ana mpaka alipofariki. Nilimpenda sana mzee yule. Sikuwahi kumwambia asante, kwa sababu asante ile haikuwa na mtu wa kutumwa aipeleke.