Jeli ya Watu Wawili

Juzi, kwenye kliniki moja ya Tororo, nilikaa benchi moja na mama mkulima kutoka Paya. Kidonda cha mguu wake kilikuwa kimekataa kupona miaka na miaka, ndipo akaingizwa katika majaribio ya jeli mpya.

Daktari alikipima kidonda, akakunja uso. "Hakijapungua inavyotakiwa. Hiyo jeli unapaka yote?"

"Napaka nusu," mama akasema. "Nusu ya jirani. Yeye pia iko na kidonda."

"Mama, hii ni dawa ya utafiti. Umetuharibia kazi."

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anasalimia watu. "Sasa mimi napaka aje peke yangu, na yeye anaona?"

Daktari akanyoosha mkono. Mama akamrudishia kichupa cha jeli, akaufunika mguu kwa leso, taratibu. Akatolewa kwenye majaribio hapo hapo, na jeli ikabaki mezani.

Utafiti huo uliletwa kwetu kwa sababu vidonda ni vingi. Sasa mama wa watu amefukuzwa kwa kumjua mwenye kidonda cha pili.