Nondo Zilizofunga Mvua

Walikuja na mipini ya majembe, na Sabra akawaamkia kama siku zote. "Shikamooni." Hakuna aliyeitika. Huku mlimani mtu mzima anaweza kukuchukia mwaka mzima na bado akakujibu marahaba. Akinyamaza, we kimbia. Sabra na digrii yake hakukimbia.

Alikuwa amechuchumaa kwenye mteremko ulio juu ya kitongoji chao, upande wa Mgwashi, akipima umbali kati ya kipande kimoja cha nondo na kingine. Alizipigilia mwenyewe kwa nyundo tangu kiangazi, mstari mmoja kukata mteremko, kila moja na kitambaa chekundu kichwani isije ikapotea majanini. Alikuwa anaomba kusoma shahada ya uzamili ya jiolojia, na chuo kilitaka mwombaji alete vipimo vyake mwenyewe vya mahali anapotaka kufanyia utafiti. Pake ni hapa. Aliamini mteremko huu unatambaa kidogokidogo kuelekea nyumba za watu, na nondo zingesogea nao. Ila ardhi kavu haisogei. Bila mvua hakuna kipimo, na bila kipimo hakuna chuo, kwa hiyo kijiji kizima hakikuwa na mtu aliyeitamani mvua kuliko yeye.

Nayo mvua ilikuwa imegoma. Maharage yalikauka na maua yake, na watu wakaanza kutazama juu. Chuma kimechomekwa ardhini, kimevishwa kitambaa chekundu, na tangu hapo wingu likifika pale linageuza. Wazee hawakuhitaji kufafanuliwa. Mvua imefungwa, na aliyeifunga ndiye wa kuifungua kwa mkono wake mwenyewe. Akigusa mwingine, inakaza zaidi.

"Ng'oa," alisema Hamisi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya mteremko.

"Baba, hizi ni za kupimia ardhi. Nilieleza kwenye mkutano."

"Ng'oa!"

"Nipeni muda tu, mpaka mvua..."

Neno hilo ndilo lililomponza. Mpini ulimpata begani, wa pili mgongoni, akaanguka kifudifudi na udongo ukamjaa mdomoni. Walimpiga mateke ya mbavu. Mtu alimkalia miguu, mwingine akamvuta nywele na kumgeuza uso aone nondo zake. Katikati ya vumbi akamwona mjomba wake Nassoro, kaka wa mama yake, tumbo moja, akawaza: nimepona. Mjomba alimshika mkono wa kulia, akaukandamiza juu ya jiwe, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ng'oa yaishe." Sabra akatikisa kichwa. Mjomba akatazama pembeni, na Hamisi akashusha mpini juu ya ule mkono. Mfupa ulilia, wote wakausikia.

Hawa watu si wanyama. Nawajua. Walikuwa na watoto wanaokula mara moja kwa siku na shamba lililokufa mbele ya macho yao. Nayasema hayo kwa sababu ni kweli, na hayapunguzi hata chembe ya walichomfanyia.

Alizing'oa kwa mkono wa kushoto, akitambaa kutoka moja hadi nyingine, huku mama yake Mwanaidi akipiga mayowe kule chini, ameshikiliwa na wanawake wenzake. Kila nondo iliyotoka, umati ukaguna kwa kuridhika. Vipimo vyote vya tangu kiangazi vilikuwa vimekwisha kazi, na Sabra alilia kwa hilo kuliko kwa mkono.

Halafu mvua ikanyesha. Ndiyo, wiki ileile! Sabra amerudi kutoka hospitali na plasta ngumu mkononi, wingu likatua mlimani na kumwaga maji kana kwamba lilikuwa linasubiri ruhusa. Watu walicheza matopeni. Zainabu, mke wa Hamisi, alikuja na kuku amemfunga miguu, akapiga goti na kumsalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, mwanangu. Tumekuletea kitoweo. Waona sasa? Ungefungua mapema usingevunjika." Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza Sabra zaidi.

Mvua haikukatika. Siku moja asubuhi Sabra alipanda mteremko na kukuta ardhi imepasuka, ufa wa kuingiza mguu, ukienda moja kwa moja juu ya nyumba za kina Hamisi. Maji yalikuwa yakiingia humo bila kutoka. Aliteremka mbio akiwa ameubana mkono kifuani.

"Hameni leo. Mlima unakuja."

Wakamcheka. Mvua imekuja, sasa mlima nao unakuja! Hamisi alikuwa akimenya viazi na wanawe, akamwonyesha njia kwa kisu. Sabra aliwaelezea maji, udongo, ufa. Walimsikiliza kama walivyomsikiliza kwenye mkutano. Basi akili ikamtoka, au ndiyo ilimwingia, sijui. Akasimama katikati ya uwanja na kupaza sauti.

"Haya! Mvua niliifunga mimi! Mkanivunja mkono. Sasa nimeuachia mlima, uje uwale!"

Kofi la Hamisi lilimwangusha matopeni. Lakini Zainabu alikuwa tayari amebeba mtoto mgongoni, na nyumba ya jirani wanatoa magodoro, na mjomba Nassoro anakimbia bila viatu akiita watu watoke. Hamisi alimpiga teke moja la tumbo, kisha hofu ikamshinda, akawafuata.

Jioni haijaingia mteremko ukashuka. Ulikuja na migomba imesimama wima, ukasukuma nyumba ya Hamisi mpaka ikakaa juu ya ya jirani, ukazifunika zote mbili. Ng'ombe wawili walisikika wakilia chini ya udongo, kisha wakanyamaza. Binadamu hakufa hata mmoja.

Unadhani walimshukuru? Alikuwa amekiri kwa kinywa chake, mchana kweupe. Kabla ya giza walikuwa wameitia moto nyumba ya Mwanaidi. Mama na binti walitoka kupitia dirisha la jikoni, mawe yakiwafuata kwenye mashamba ya chai, wakatokea barabarani na kanga zenye damu. Safari hii mjomba alirusha na yeye.

Sasa wako Muheza, kwa dada yake Mwanaidi. Hapo ndipo Sabra alipoandika ombi lake, kwa kidole gumba cha kushoto kwenye simu, na penye vipimo akaeleza kwamba hana, ila mteremko umeanguka kweli na aliona ufa kabla. Jinsi alivyowatoa watu hakuandika.

Juzi Dokta Secilia wa idara ya jiolojia kule chuoni alipiga simu. Alikuwa na furaha kuliko mwombaji mwenyewe. "Umepata nafasi, Sabra. Mporomoko mbichi namna hiyo, na wewe mzaliwa wa pale! Utafiti wote utaufanya kwenu. Mgeni angesumbuliwa, lakini wewe utapokewa, ni watu wako."

"Ahsante, Dokta," Sabra akasema.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Wamesemaje?"

"Wamenikubali, mama."

Mama akatua sufuria chini na kupiga vigelegele, majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini.