Gesi Iliyotangulia Bomba

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani. Mkuu wa Depo, mtu mrefu aliyeongea taratibu kama anayepima maneno, aliitazama blauzi yangu mpya pale getini akasema, "Binti, hiyo ni nailoni. Nenda kavae pamba." Nilidhani ananionea. Kesho yake akanieleza kwamba nailoni ikisuguana na ngozi huweza kutoa cheche ndogo usiyoiona, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hapo.

Depo hiyo ya mafuta ya shirika la umma ilikuwa jirani na Bandari. Kazi yangu ilikuwa kupima matangi: kupanda ngazi, kufungua kifuniko, kuteremsha utepe wa chuma wenye uzito mwishoni hadi uguse chini, kisha kusoma mafuta yameishia wapi. Tuliishi kwa kusubiri meli. Meli ikichelewa, nusu ya mji ilisimama. Ndiyo maana niliposikia kwamba huko kusini tuna gesi yetu wenyewe, nilifurahi kama mtu aliyeahidiwa nyumba.

Enzi za ruksa, za biashara huria, zikaja, shirika likauzwa, wengi tukapunguzwa. Nilikaa Buguruni nikikaanga maandazi mpaka kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kuchunguza njia za mabomba ya gesi mjini ikatafuta watu waliozoea vipimo. Mhandisi Mkuu wao, Mhindi wa Upanga ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alinikabidhi kipima gesi, kisanduku chenye mrija, mshale na kengele. Gesi asilia, alinifundisha, haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya huongezwa na watu ili uvujaji ujulikane. Tena ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda darini, wakati mvuke wa petroli hutambaa sakafuni.

"Kabla hatujazika bomba lolote," alisema, "nataka kujua ardhi yenyewe inatoa nini. La sivyo tutakuja kulisingizia bomba."

Basi nikatembea Kariakoo mtaa kwa mtaa. Asubuhi moja, kwenye saa nne, mshale ulipanda mbele ya duka la vitenge vya jumla. Nilipita, ukashuka. Nikarudi mlangoni, ukapanda tena. Bomba la karibu lilikuwa bado mstari kwenye ramani.

Mwenye duka, Mama Aikande, mwanamke wa makamo kutoka Kilimanjaro, alinipa kiti kabla sijaeleza shida yangu. Alikikodolea macho kisanduku.

"Dada, hicho kinasikia sauti?"

"Kinasikia gesi tu, mama."

Akamwita mtunza stoo wake. "Shomari, mweleze dada."

Bwana Shomari alikuwa mtu mzima, mpole. Alisema tangu masika yaishe, kila anayeingia stoo hutoka na kichwa kizito. Paka aliyezoea kulala juu ya marobota alikutwa amekufa bila jeraha. Na wote walioingia humo walisikia jina likiitwa.

"Ni jina lako?" nikauliza.

"Hapana. Hapa dukani hakuna mwenye jina hilo. Ni Tatu."

Kitambulisho changu kiliandikwa jina la baba tu. Kazini waliniita Fundi Mbonde. Aliyeniita Tatu ni mama yangu peke yake, na mama nilikuwa nimemzika miaka mingi nyuma.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Shomari ameshika chetezo, makaa yamekolea, ubani umeanza kutoa moshi.

"Nilikuwa naingia kufukiza," alisema. "Mama mwenye duka ni wa kanisani, lakini ameniruhusu."

"Bwana Shomari, kwa heshima yako, naomba hicho chetezo kiende mtaani, mbali na mlango. Nitangulie mimi."

"Huamini mambo haya?"

"Naamini kuna kitu humo. Ndiyo maana sitaki moto."

Alinitazama. Kaa moja likapasuka na kurusha cheche, na sote watatu tukaliangalia. Kisha akatoka nje polepole, kama aliyebeba maji yaliyojaa.

Nilimwomba Mama Aikande asiguse swichi ya taa, nikaingia. Stoo haikuwa na dirisha, na marobota yalikaribia dari. Niliinua mrija juu. Mshale ulifika pale ambapo kiberiti kimoja kingeondoa duka na waliokuwa mbele yake. Chini ya sakafu kulikuwa na mlio wa kitu kinachochemka polepole.

Halafu nikaitwa.

Ilikuwa sauti ya mama, kutoka ukuta wa mbali, kama alivyoniita nije anisuke nywele. Nilipiga hatua mbili kuelekea kule. Sikuamua kuzipiga. Kengele ya kipima gesi ikalia mkononi, nikageuka, nikatoka.

Tuliondoa watu kwenye maduka ya jirani, tukakata umeme kutoka nje, tukaacha mlango wazi. Alasiri Mhandisi Mkuu alikuja na wachimbaji. Pale chini ya ukuta wa mbali, sakafu ilikuwa ganda jembamba la saruji juu ya mbao zilizooza, na chini yake shimo la choo la zamani lililosahaulika. Uozo wa mle shimoni ndio uliotoa methane, gesi ileile tuliyotaka kuileta kwa bomba. Hatua moja zaidi ningezama.

Nilimsimulia Mhandisi Mkuu habari ya jina. Hakucheka.

"Hewa mbaya humfanya mtu asikie mambo," alisema.

"Wote tusikie jina moja?"

Alifunga kalamu yake. "Andika methane, fundi. Hilo lingine sina kipimo chake."

Shomari hakurudi stoo tena. Tulipokutana baadaye, nilipomweleza kwamba Tatu ni mimi, aliniambia kwamba siku ile, akiwa mtaani na chetezo chake, alisikia nikiitwa mara mbili, kwa sauti ileile.

"Ya pili ilisemaje?"

"Ilisema, Tatu, toka."

Mara hiyo ya pili mimi nilikuwa nimesikia kengele tu.

Miaka ikapita, gesi ya kusini ikafika mjini kweli, mitambo ya umeme ikaichoma, nami nikazeeka nikikagua viungo vya mabomba. Wiki yangu ya mwisho kazini mhandisi mmoja kijana alinionyesha seli ya mafuta, kabati dogo la chuma. Hidrojeni, inayoweza kutolewa kwenye gesi yetu, hukutana humo na oksijeni ya hewa bila kuwaka, na kutoa umeme. Niliweka sikio: kimya. Niliweka mkono: vuguvugu, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Taa iliyounganishwa nayo ilikuwa inang'aa.

"Moshi wake unatokea wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna moshi, bibi. Hutoa maji tu." Akakinga matone kwenye bilauri, akanipa.

Maisha yangu yote nilikuwa nimewakataza watu kugusa kinachotoka kwenye mashine. Niliyatazama yale maji muda mrefu, nikasema bismillahi, nikanywa. Hayakuwa na ladha yoyote.